Masikio Mazima Chini ya Bati Jipya

Siku nilipokabidhi funguo za kabati la kitengo cha elimu maalumu, mwalimu kijana anayenipokea, Neema, alitoa humo kopo la maziwa ya unga lenye kokoto ndani, akalitikisa, akaniuliza likatupwe wapi. Nikamwambia huo ndio mtambo wa kupimia usikivu wa watoto. Akacheka kwa adabu, namna wanavyochekewa wastaafu, kisha akaliweka karibu na mlango pamoja na vitu vingine vinavyosubiri shimo la taka. Nililichukua nikaondoka nalo. Sasa liko sebuleni kwangu, wajukuu wanalipigia ngoma, na mimi nimekaa kuandika lilikotoka, kwa ajili ya Neema na wenzake. Makosa niliyofanya kwa kopo hili ni makubwa mno kuachwa yapotee bure.

Vyeo sitavitaja. Vyote nilivyopata vilikuwa vya kuongezewa kazi. Mishahara nayo mnaijua wenyewe.

Mimi ni mtu wa Urambo, Tabora, nchi ya joto na asali. Nilipangiwa Mbulu mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi za ruksa, soko la mjini likianza kujaa mitumba na redio ndogo za betri, na Mbulu yenyewe ikiwa bado Mkoa wa Arusha. Kwetu sweta ni vazi la mgonjwa. Nilishuka nimevaa gauni la kitenge na viatu vya wazi, na kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimenunua koti la mtumba la kiume, lenye maandishi mgongoni ya lugha ambayo hadi leo sijui ilikuwa inatangaza nini. Watoto wakaniita Mwalimu Koti. Jina hilo limedumu kuliko vyeti vyangu vyote.

Shule yetu ilikuwa juu ya kilima kata ya Tlawi, na madarasa yake ya zamani yalijengwa kama nyumba za wenyeji, yaani tembe: kuta za udongo, paa bapa la miti na udongo juu yake. Ndani kulikuwa na giza, na ukiwa mrefu unainama. Mbuzi walipanda juu ya paa bila kuomba ruhusa, na vumbi likadondoka kwenye daftari la mahudhurio. Siku moja wakati wa hesabu mbuzi alikojoa pale juu, na tone likampata mkaguzi aliyekuwa amekuja kutukagua. Darasa lilikuwa tulivu siku ile kuliko wakati wa sala.

Watoto wa darasa la kwanza walikuja wakijua Kiiraqw tu, lugha ya nyumbani kwao, na sisi walimu wa kuletwa tulijua Kiswahili tu. Kwa hiyo tulikuwa na jibu moja kwa kila mtoto aliyekaa kimya: Kiswahili hakijamwingia. Mtoto ana homa, Kiswahili hakijamwingia. Mtoto ana njaa, Kiswahili hakijamwingia. Lilikuwa jibu zuri sana, maana kosa halikuwa la mwalimu.

Aliyenifundisha kazi si chuo. Alikuwa Mwalimu Yustina, mwenyeji wa pale, mwanamke wa makamo ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Wiki yangu ya kwanza alisimama mlangoni kwangu akinisikiliza nikiuliza, "Mmeelewa?" na watoto sitini wakinijibu, "Ndiyo mwalimu!" Nilikuwa nimefurahi kweli. Baada ya kipindi akaniambia taratibu, "Mwalimu Koti, darasa halijibu. Anayejibu ni mtoto." Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi kwa miaka sita, na bado ilinichukua zaidi ya nusu ya miaka hiyo kuelewa alichosema siku ile. Kwenye kuitikia kwa pamoja hakuna mjinga wala kiziwi, na hata aliyesinzia anapata alama.

Katika darasa la Yustina, chini ya paa la udongo, kulikuwa na binti anaitwa Emiliana Boay. Alikuwa mkimya, anasoma vizuri, mwandiko wake umenyooka kama mistari ya viazi. Hakuna aliyemzungumzia, na mtoto asiyezungumziwa ofisini ni mtoto anayeendelea vizuri.

Ndipo tukajenga darasa jipya. Wazazi walibeba mawe mgongoni kutoka bondeni, na siku lori lilipopanda kilima likiwa na mabati, akina mama walipiga vigelegele mpaka dereva akadhani anaoa. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi. Nilitoa hotuba kwamba sasa tumeagana na giza. Lilikuwa jengo la fahari: sakafu ya saruji, madirisha makubwa yasiyo na vioo, bati jeupe linalong'aa hadi ng'ambo ya bonde. Dari hatukuweka, kwa sababu dari haionekani kutoka barabarani. Ukuta wa kati uliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, hivyo darasa la tatu walisoma Kiswahili huku wakisikia jedwali la saba la darasa la nne bila malipo. Upepo ukivuma, bati linagonga. Mvua ikinyesha, tunaandika ubaoni na kungoja.

Emiliana aliingia darasa la tatu humo, na ndani ya wiki chache akawa mjinga. Naliandika neno hilo kwa sababu ndilo lililotumika. Aliambiwa fungua ukurasa wa kumi, akafungua baada ya kuchungulia kwa jirani. Aliulizwa swali, akakaa akikutazama mdomo, na akijibu anajibu swali lililopita. Kwenye kuitikia kwa pamoja alifungua kinywa nyuma kidogo ya wenzake.

Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Lameck, ndiye aliyefundisha darasa la tatu. Alikuwa mtu wa Musoma, mchapakazi, mwenye sauti ambayo ingemwita ng'ombe aliye wilaya nyingine. Mtoto asipoelewa, aliongeza sauti. Asipoelewa tena, aliongeza fimbo. Chini ya bati lile sauti yake ilipanda, ikagonga, ikarudi mara mbili, na nadhani hata yeye mwenyewe alikuwa anajisikia nusu. Kwenye ripoti ya Emiliana aliandika kwa wino mwekundu: Sikio la kufa halisikii dawa.

Wakati huohuo nilipelekwa kozi fupi ya elimu maalumu. Nilirudi na cheti, kopo la kokoto, filimbi, na kujiamini, na kati ya hivyo vinne kujiamini ndiko kulikoleta hasara. Nilimsimamisha Emiliana katikati ya darasa la bati, nikasimama nyuma yake hatua kumi, nikaanza kumwita jina na kumwambia maneno ya kurudia, huku upande wa pili wa ukuta mfupi darasa la nne wakiimba majira ya mwaka. Hakurudia hata moja. Nilipotikisa kopo, aligeuka haraka. Mtu mwenye akili angejiuliza inakuwaje mtoto asikie kokoto lakini asisikie maneno. Mimi nilikuwa na fomu mkononi, na fomu ilikuwa na nafasi moja tu ya kujaza. Nikaandika: kiziwi.

Baba yake alimpeleka shule ya watoto viziwi, mkoa mwingine, safari ya mabasi mawili. Baada ya wiki mbili wakarudi wote wawili. Barua ilikuwa na mistari miwili: mtoto huyu anasikia, tafadhali chunguzeni upya. Baba alinikuta uwanjani, akavua kofia, akaniamkia vizuri kama kawaida ya watu wa kule hata wakiwa na hasira. Kisha akasema, "Mwalimu, wewe umeandika hasikii. Wao wameandika anasikia. Sasa niambie mimi baba yake, nimpige au nisimpige?"

Niliona aibu ambayo hata sasa ninapoandika inanipandisha joto shingoni. Nikamwambia asimpige, anipe siku chache.

Mwalimu Lameck hakuhitaji siku. Kama anasikia na hatii, alisema, basi ni mkaidi, na madawati ni machache. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaongeza, na kwa kuwa mkuu alikuwa yeye, methali ilimkaa vizuri. Akapanga shauri lipelekwe kamati ya shule: Emiliana afutwe kwenye orodha kabla ya mtihani wa darasa la nne, asije akaishusha shule. Nilijua mtoto wa kike akifutwa Tlawi miaka ile, hakuna shule nyingine ya kumpokea. Atachunga, atabeba kuni, na watu watamwita bubu hadi aolewe.

Jumamosi, nikiwa nimevaa koti langu, nikaenda kwao kuomba msamaha. Nyumba yao ilikuwa tembe ya zamani, nusu imezama ardhini. Babu yake, Mzee Boay, alikuwa amekaa ndani pembeni ya moto. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, akanionyesha kigoda. Emiliana alikuwa anamenya viazi. Babu, bila kugeuza kichwa, akamwambia kitu kirefu kwa Kiiraqw, kwa sauti ya mtu anayezungumza na kikombe chake. Mtoto akainuka, akaleta kibuyu cha maziwa, akaleta kingine, akafunga mlango wa zizi, akarudi kwenye viazi. Nikajaribu na mimi. Nikamwuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, nikiwa mgongoni kwake: shule ya kule mlikula nini? Akanijibu kwa Kiswahili safi kuliko changu cha Urambo kwamba ugali na maharage, na Jumapili wali, na kwamba watoto wa kule walimfundisha kusema kwa mikono, na alilia alipoondoka kwa sababu ndio waliomtazama usoni wakiongea naye.

Nikakaa na maziwa yangu mkononi nikijihisi mjinga rasmi, mwenye cheti.

Baadaye tukatoka nje. Upepo ulikuwa unavuma, watu wanapura ngano, mbwa wanabweka. Nikamwita Emiliana kutoka hatua tano. Hakugeuka. Mama yake akanitazama kama anavyotazamwa mgeni anayejaribu kukamua dume. Akaniambia, "Huyu nje haitwi namna hiyo, Mwalimu. Nje unamshika bega kwanza, anakutazama, halafu unasema. Maneno machache."

Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu alipoanza kutembea. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia. Akasema hakuna aliyeuliza, na tena sisi tulikuwa tunasema tatizo ni Kiswahili, naye Kiswahili si lugha yake, angetubishia vipi?

Hapo ndipo ninyi vijana mnatakiwa kupigia mstari. Kuna watoto ambao masikio yao ni mazima kabisa. Sauti inaingia. Shida iko ndani zaidi, ubongoni, mahali sauti zinapochambuliwa. Mtu wa kawaida akikaa penye kelele, kichwa chake kinafanya kazi ya kuchambua maharage: hili neno la mwalimu, weka; hili jiwe, tupa; hili jedwali la saba la jirani, tupa. Mtoto wa aina hii anapata maharage na mawe kwa pamoja, na akianza kuchambua, mwalimu ameshafika sentensi ya tatu. Penye utulivu hamtamtambua. Penye kelele mtamwita mjinga, mkaidi au kiziwi, kufuatana na hasira ya siku hiyo. Jina rasmi la tatizo nilikuja kulisikia miaka mingi baadaye kwenye semina, nikanakili herufi zake za kifupi, kisha nikapoteza karatasi. Mama Emiliana alikuwa ameshanipa tiba yake nusu, uwanjani, akiwa na ungo kiunoni.

Kikao cha kamati kilikuwa mwezi wa nne. Mlimani mwezi wa nne mvua ya mchana haikosi. Nikamshauri Mwalimu Lameck tusikae ofisini, tukae darasa jipya, saa nane, ili wajumbe wafaidi jengo lao. Akafurahi sana kwa wazo hilo. Kisha nikaenda kwa Mzee Boay, ambaye ndiye aliyefungua vikao vyote vya kamati kwa baraka. Ni desturi ya kule: mzee anasimama na fimbo yake, anaomba sentensi kwa sentensi, mvua, watoto, mifugo, na kila sentensi ikiisha anaishusha fimbo kidogo, watu wote wanaitikia kwamba na iwe hivyo. Nilimwomba achomeke humo neno moja la utani, tuone kama kuna atakayelisikia mvua ikinyesha. Alinitazama mpaka nikajutia kuzaliwa. Akasema baraka si mchezo wa walimu. Nikaomba radhi, nikarudi nyumbani nikijua nimeruka majivu nikakanyaga moto.

Siku ilipofika wajumbe kumi na wawili walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio. Mzee Boay alipoinuka tu, mvua ikashuka. Haikuanza kidogo kidogo. Ilimwagika kama kokoto juu ya bati, na Mwalimu Lameck akaashiria kwa mkono kwamba tungoje, lakini mzee hakungoja, kwa sababu mvua yenyewe ni baraka, utaisubirishaje? Akaomba. Midomo ilikwenda, fimbo ikashuka, wajumbe wakaitikia. Fimbo ikashuka, wakaitikia. Aliomba kirefu kuliko kawaida. Mwalimu Lameck, ambaye Kiiraqw chake kiliishia kwenye salamu, aliitikia kwa kifua chote. Na mimi niliitikia.

Tukakaa robo saa tukitazamana hadi mvua ikapungua. Mwalimu Lameck akafungua faili kusoma ajenda ya kwanza, ambayo ilikuwa Emiliana. Nikanyoosha mkono. Nikakiri mbele ya wote kwamba mimi ndiye niliyeandika kiziwi na nilikosea, na nikawaomba kabla ya kumhukumu mtoto, mjumbe yeyote aniambie mzee alikuwa ameomba nini.

Mwenyekiti akacheka. Alisema baraka ni baraka, mzee ameomba mvua, watoto, ng'ombe na amani. Nikamwuliza kama alimsikia. Akasema hakusikia, lakini anajua.

Mzee Boay hakusimama. Alisema kwa Kiswahili, ili walimu nao tupate, "Hayo niliomba mwanzo. Halafu nikaomba upepo uje ulichukue bati hili lote, ulitupe bondeni, lisirudi. Mkajibu na iwe hivyo. Mara tatu."

Watu wote walitazama juu kwa pamoja. Mjumbe mmoja ambaye mke wake alibeba mawe ya msingi akiwa mjamzito alishika kichwa. Mwenyekiti akasema, kwa sauti ya kubembeleza, kwamba bila shaka mzee anatania.

"Sitanii na baraka," akasema mzee. "Mwalimu huyu aliniomba nitanie, nikakataa. Nimeomba kwa kweli. Bati hili limeziba masikio ya mjukuu wangu, na leo limeziba ya kwenu. Tofauti ni kwamba ninyi hakuna aliyewachapa."

Matone ya mwisho yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kingo. Mwalimu Lameck akaniinamia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaongea kwa sauti ya chini. Aliniuliza kama na yeye aliitikia. Nikamwambia aliitikia kuliko wote.

Shauri la kumfuta Emiliana halikusomwa tena. Kikao kilichobaki chote kilikuwa cha kumwomba mzee aliondoe ombi lake. Mzee akasema ataliondoa siku kutakapokuwa na kitu kati ya bati na vichwa vya watoto, na akawatakia safari njema. Sijaona kamati ya shule ikifanya kazi kwa kasi ile, kabla wala baada. Kila upepo uliovuma usiku ulikuwa ni barua ya kukumbushia. Ndani ya siku kumi na nne wanaume walikuwa wamekata matete kwenye ziwa la pale Tlawi, wameyafunga, wameyatandaza juu, wameyapaka udongo. Ukuta mfupi ukarefushwa hadi juu. Kwenye madirisha tukatundika magunia ya ngano. Darasa likawa jeusi kidogo, lenye sura ya tembe, na hotuba yangu ya kuagana na giza nikaacha kuikumbusha. Siku ya kuondoa ombi mzee alisimama na fimbo yake, na safari hii watu walisikiliza neno kwa neno kabla ya kuitikia.

Jioni hiyo Mwalimu Lameck alikuja kwangu. Alikataa chai. Akaniuliza, "Mwalimu Koti, nilimchapa mara ngapi yule mtoto?" Nilikuwa najua, kwa sababu kitabu cha adhabu kilikuwa kabatini kwangu, lakini sikumwambia. Nilimwambia kwamba fomu yangu ilimpeleka mbali kuliko fimbo yake. Kesho yake alimhamishia Emiliana dawati la mbele. Kabla ya kumsemesha alimgusa bega kwa kidole kimoja, kwa woga, kana kwamba ni sufuria ya moto. Alijifunza kusema sentensi fupi, kuandika maagizo ubaoni, kuacha kidogo, kisha kumtaka mtoto amrudishie alichosikia kwa maneno yake mwenyewe. Sauti haikupungua sana. Huwezi kumwondolea mtu Musoma yote kwa muhula mmoja.

Emiliana alifanya mtihani wa darasa la nne akiwa chini ya matete, akafaulu. Hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa kumi na tisa, na nilifurahi kuliko angekuwa wa kwanza, maana wa kumi na tisa ni mtoto wa kawaida.

Mkoa wa Manyara ulipozaliwa nilihamishiwa Hanang, nikawa mwalimu wa kuzunguka shule kwa shule, Dirma na kata za jirani, kopo kwenye kikapu. Huko nilijifunza kuanza na sikio lenyewe kabla ya ubongo. Mtoto mmoja wa wafugaji aliyesemekana ana roho mbaya ya ukimya alitolewa punje ya mahindi sikioni na mganga wa zahanati, punje ambayo kwa maelezo ya bibi yake iliingia mavuno ya mwaka juzi. Akapona ukimya siku hiyohiyo, na nasikia hajanyamaza hadi leo. Niliongeza mtambo wa pili: redio ya betri, naiweka kati ya stesheni mbili ili ikoroge kelele tupu, halafu nasoma sentensi. Nasoma kwanza redio ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Mtoto anayepata zote kwenye utulivu na kupoteza zote kwenye kelele, huyo nampeleka mbele, namtafutia wataalamu wenye vyombo vya kweli, na kabla ya yote namtafuta mama yake nimwulize, kwa lugha ya mama, kupitia mtu anayeijua. Hilo la mama halikuwamo kwenye kozi yoyote.

Sherehe ya kuniaga ilifanyika Katesh, makao makuu ya wilaya, ukumbi wa bati usio na dari, na vipaza sauti viwili vikubwa kama makabati. Nilikuwa nimemwalika Emiliana. Siku hizi yuko Bashay alikoolewa, analima vitunguu saumu, na ni mjumbe wa kamati ya shule ya huko, mjumbe mkorofi kwa sifa nilizozisikia. Alikaa meza ya pili. Ofisa akasimama kunisifu. Vipaza sauti vikanguruma, mvua nayo ikaanza, watoto wakalia, sahani zikagongana. Mimi nikapiga makofi wenzangu walipopiga, nikacheka walipocheka, nikatikisa kichwa kwa unyenyekevu mahali nilipodhani ninasifiwa. Sijawaambia watu wa ofisini, lakini miaka ya karibuni penye kelele maneno yananichanganyikia. Ni umri. Nilidhani naigiza vizuri.

Nikahisi mkono begani. Emiliana alikuwa amezunguka meza, amechuchumaa mbele yangu, uso wake usawa wa uso wangu. Akangoja nimtazame.

"Mwalimu, hujasikia kitu."

Nikamwambia nimesikia vizuri tu.

"Usinidanganye mimi," akasema. Akavuta kiti, akaligeuza bega langu nisiangalie jukwaa, akawa ananitazama hadi ofisa alipomaliza na ukumbi wote ukasimama kushangilia. Nikamwuliza amesema nini muda wote huo.

Akafikiri kidogo, akachagua maneno yake, akayasema taratibu.

"Amesema asante. Mengine yote ni kelele."